Kumlinda Mfalme: Mazungumzo Juu ya Mchezo wa Sataranji

Jioni hii tumekusudia kusema nanyi juu ya mchezo wa sataranji, na katika mchezo huo tumechagua fungu moja tu, nalo ni ufundi wa kujilinda. Tumelichagua kwa sababu twaona vijana wengi wakifundishwa kushambulia kabla hawajajua kukinga. Mwanafunzi huonyeshwa hila tatu nne za kumfunga upesi mfalme wa mwenziwe, akafurahi nazo siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu hukutana na mtu azijuaye hila zile, naye hana la kufanya. Hapo humlaza mfalme wake ubaoni, akainuka, akasema mchezo umekwisha, kumbe haujafika hata nusu.

Aliye na ubao karibu na aulete. Asiye nao aweza kuuchora kwa makaa juu ya kipande cha mbao, na kete akazichonga kwa mti au kuzifinyanga kwa udongo. Mfalme wa udongo hufungwa sawasawa na mfalme wa pembe. Ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni mna nafasi zaidi kuliko wanaoyasikia, kwa kuwa mwaweza kurudia mahali palipowashinda.

Ubao una miraba 64. Mistari inayokingama kati ya wachezaji wawili tutaihesabu 1 hata 8, kuanzia upande wa mwenye kete nyeupe. Njia zinazotoka kwake kwenda kwa mwenziwe tutaziita kwa herufi, a hata h, kuanzia mkono wake wa kushoto. Basi tukisema e5, maana yake ni njia ya e, mstari wa 5. Kete zenyewe tutaziita mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari.

Jina la sataranji tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, waliouita mchezo huu chaturanga, yaani jeshi la sehemu nne: tembo, magari ya vita, wapanda farasi na askari wa miguu. Aliye askofu leo alikuwa tembo zamani, na malkia alikuwa mshauri wa mfalme, tena mnyonge, asiyeweza kwenda ila mraba mmoja mmoja. Mambo mengi yamegeuka tangu siku hizo, lakini moja halikugeuka: kete zote zaweza kuliwa na mchezo ukaendelea, ila mfalme akikosa pa kukimbilia yote yamekwisha. Kwa hiyo hata mshambulizi hodari kuliko wote ana mtu wa kumlinda nyumbani kwake.

Na tuanze na hila ambayo kila mwanafunzi ameonja uchungu wake. Mwenye nyeupe asogeza askari wake mpaka e4, nawe wasogeza wako mpaka e5. Yeye atoa askofu wake mpaka c4. Wewe watoa farasi mpaka c6. Kisha malkia mweupe aruka mpaka h5. Sasa tazama vizuri. Mwanafunzi mwenye haraka huona malkia tu, akasema moyoni, nitamfukuza huyu. Akampeleka farasi wake wa pili f6 ili amtishe. Papo hapo malkia amla askari wa f7, analindwa na askofu, na mfalme mweusi amekwisha fungwa hata hajatoka kwake.

Kosa halikuwa katika farasi. Farasi wa f6 ni mzuri kabisa kwa wakati wake. Kosa ni kwamba mchezaji alijiuliza, "Nifanye nini?" kabla ya kujiuliza, "Mwenzangu ataka nini?" Angaliuliza swali hili la pili kwanza, angaliona kwamba askofu na malkia wote wawili wautazama mraba mmoja, f7, ambao hauna mlinzi ila mfalme peke yake. Basi jibu ni kusogeza askari wa njia ya g mpaka g6. Malkia apigwa, hana budi kuondoka. Akienda f3 kuutazama tena mraba ule ule wa f7, sasa ndipo farasi aje f6, akaifunga njia. Tazameni faida yake: mwenye nyeupe amemchezesha malkia mara mbili asipate kitu, nawe farasi wako wawili wamekwisha toka. Ulinzi mwema ndivyo ulivyo. Hukinga huku ukiijenga nyumba.

Mchezaji wa bao hahitaji kuambiwa maneno haya mara mbili, maana hatii mkono shimoni kabla ya kuhesabu kete za mwenziwe zitafika wapi.

Lakini msidhani kwamba swali hili ni la wanafunzi tu. Mwaka 1892, mjini Havana katika kisiwa cha Cuba, watu wawili walishindania ubingwa wa dunia. Mmoja alikuwa Wilhelm Steinitz, bingwa mwenyewe, na wa pili Mrusi jina lake Mikhail Chigorin. Ilipofika mara ya 23 kuketi, Steinitz alikuwa ameshinda michezo 9 na Chigorin 8. Chigorin alicheza na nyeupe, akapata kete moja zaidi ya mwenziwe, na kila aliyetazama aliona kwamba sasa watakuwa sawa, tisa kwa tisa. Ngome mbili za Steinitz zilikuwa zimeingia mstari wa 2, d2 na e2, karibu na mfalme mweupe aliyekuwa pembeni, h1. Nazo hazikuweza kumdhuru, kwa sababu askofu wa Chigorin alisimama d6, na kutoka huko mbali aliulinda mraba wa h2. Basi Chigorin akamwondoa askofu yule d6, akampeleka b4. Ngome ya e2 ikamla askari wa h2. Mfalme hakuweza kuila, maana ilikuwa ikilindwa na ndugu yake. Angalikwenda g1, na ngome ya pili ingalikuja g2, na hapo ndipo mwisho. Chigorin akakubali kushindwa. Steinitz akatimiza ushindi wa 10, akabaki na ubingwa wake.

Kazi ya miezi na safari ya kuvuka bahari ilipotea kwa mkono mmoja ulioinua kete pasipo kuuliza ilikuwa ikifanya nini pale iliposimama. Askofu yule alionekana kama mtu aliyekaa bure kijijini, kumbe ndiye mlinzi wa lango. Kwa hiyo swali letu lina nusu ya pili: baada ya kuuliza mwenzangu ataka nini, uliza, "Hii ninayotaka kuiondoa, ina kazi gani hapa?" Mwanafunzi awekaye mikono yake chini ya meza mpaka amekwisha jibu maswali haya mawili atapunguza nusu ya michezo anayopoteza. Na katika kutazama, atazame kwanza mambo ya nguvu: je, mwenzangu aweza kumtisha mfalme wangu? Aweza kula kitu? Haya yakiisha, ndipo atafute mambo ya siri.

Huyo Steinitz alizaliwa Prague mwaka 1836, akawa bingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1886. Kabla ya zamani zake desturi ya wachezaji ilikuwa kutoa kete sadaka na kumkimbilia mfalme wa mwenzio. Mfano unaojulikana kuliko yote ni mchezo uliochezwa London mwaka 1851, ambao Adolf Anderssen alimwachia Lionel Kieseritzky askofu, ngome zote mbili na malkia, kisha akamfunga kwa kete ndogo zilizobaki. Ni mchezo mzuri, nasi twaupenda. Hata hivyo aliyekula kete zile zote aliacha kete zake nyingine zimelala nyumbani, na mtu wa namna hiyo hufungwa na yeyote.

Steinitz alikuja na fundisho lisilofurahisha watu, kwamba shambulio halina haki ya kufaulu ila penye udhaifu wa kweli, na kwamba mtu aliyetulia, asiye na udhaifu, aweza kuyaacha mawimbi yapige mpaka yachoke. Katika fundisho hilo mna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni habari ya askari walio mbele ya mfalme. Askari ndiye kete pekee isiyorudi nyuma. Ukimsogeza, mraba aliouacha na ile aliyokuwa akiilinda hubaki tupu daima. Ukiwa na hofu, mkono hutamani kuwasogeza askari hawa kana kwamba ni kufunga madirisha. Kumbe mara nyingi ni kuyafungua. Mtasema, mbona tumemsogeza wa g6 katika mfano wa kwanza? Tulimsogeza kwa sababu alimfukuza malkia wakati uleule. Pasipo sababu kama hiyo, waacheni walipo.

La pili ni habari ya kurudisha. Aliyepewa kete ya bure hupenda kuikumbatia, akacheza mchezo wote akiilinda, mpaka mfalme afe kwa ajili ya mali. Mlinzi mwenye akili hupokea, na wakati wa shida hurudisha, ili anunue nafasi ya kupumua. Tena akiona jeshi la adui limemkaribia, hutafuta kubadilishana, ngome kwa ngome, malkia kwa malkia, maana moto ukiondolewa kuni hufifia. Shambulio lisilo na malkia mara nyingi ni kelele tu.

Sasa twafika kwa mtu tunayemwona sisi kuwa fundi mkubwa wa ulinzi, naye ni Tigran Petrosian, Muarmenia aliyezaliwa Tbilisi mwaka 1929, akawa bingwa wa dunia toka 1963 hata 1969. Katika mashindano ya Curaçao ya mwaka 1962, yaliyompa haki ya kumkabili bingwa, alicheza michezo 27 asipoteze hata mmoja. Watu wengine walimwona mchovu. Sisi hatukubaliani nao. Wengine huzima moto. Yeye aliona mahali pakavu akapamwagia maji kabla ya cheche, na kwa kuwa moto haukuwaka, watazamaji walidhani hapakuwa na kazi.

Mwaka 1953, katika mashindano ya Zürich, alicheza na Mmarekani Samuel Reshevsky, naye Petrosian alikuwa na kete nyeusi. Reshevsky alikuwa na askari wawili katikati, d4 na e5, bega kwa bega, wakisubiri kusonga mbele na kulipasua jeshi jeusi vipande viwili. Kete za Petrosian zilibanana kama watu katika chumba kimoja wakati wa mvua. Hata farasi wake aliyetamani kufika d5 hakuwa na njia, kwa kuwa ngome yake mwenyewe ilikaa e7. Katika hatua ya 25 Petrosian aliichukua ngome ile akaiweka e6, mahali ambapo askofu mweupe angeweza kuila, naye kama malipo apate askofu yule tu, aliye pungufu kwa thamani.

Kwa nini afanye hivyo? Ngome iliposimama e6 iliifunga njia ya askari wa e5. Na mraba wa e7 ulipoachwa wazi, farasi akapita hapo mpaka d5, katikati kabisa ya ubao, akakaa kama nguzo. Reshevsky akaila ngome, askari mweusi akamla askofu akaja e6, na sasa askari wale wawili wa kutisha walikuwa wamesimama mbele ya ukuta. Baada ya hatua chache Reshevsky mwenyewe alitoa ngome yake kwa askofu ili apate pumzi, na katika hatua ya 41 wakaafikiana sare. Petrosian hakusubiri kuvunjwa ndipo alipe. Alilipa mapema, tena kidogo, na alichokinunua ni mahali pa farasi mmoja.

Ulinzi wa namna hii wahitaji kufikiri, lakini upo mwingine unaohitaji subira zaidi. Mwaka 2016, mjini New York, Sergey Karjakin wa Urusi alimkabili bingwa Magnus Carlsen wa Norway. Mchezo wa tatu ulikwenda hatua 78 na wa nne hatua 94, na katika yote miwili Karjakin alikuwa katika hali mbaya, akabanwa kwa saa nyingi, akatoka na sare. Mwisho wa mashindano Carlsen ndiye aliyeshinda, lakini haikuwa kwa michezo hiyo.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, nikiwa nimekwisha potea kabisa, nimepungukiwa kete, na mwenzangu anajua kucheza, kuna faida gani kuendelea?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba yakupasa kumfanyia kazi iwe ngumu, yaani kumwekea swali katika kila hatua, kwa kuwa mtu anayeona ameshinda hupenda kuacha kutazama. Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa miaka 27, toka 1894 hata 1921, alisifiwa sana kwa jambo hili: penye shida alitafuta hatua itakayomtaabisha mtu aliyeketi mbele yake.

Tena iko sheria moja iliyo rafiki wa mnyonge. Ikiwa ni zamu ya mtu kucheza, naye mfalme wake hatishwi, lakini hana hatua yoyote iliyo halali, mchezo huwa sare. Katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya mwaka 1963 na 1964, yale ambayo Bobby Fischer alishinda michezo yake yote 11, Larry Evans alikuwa amepungukiwa farasi mzima mbele ya Reshevsky, yule yule tuliyemtaja. Evans akaona kwamba mfalme wake amezibwa pembeni, h1, na askari wake hawawezi kusogea. Alikuwa na malkia na ngome tu zenye uwezo wa kutembea. Reshevsky alipomla askari wa g3 kwa malkia wake, akidhani amemaliza, Evans alimtoa malkia wake g8, na mfalme mweusi hakuwa na budi kumla. Kisha ngome ikala g7 na kumtisha mfalme. Mfalme akiila, Evans hana hatua hata moja, ni sare. Asipoila, ngome humfuata mraba kwa mraba bila mwisho, nayo ni sare vilevile. Angalimlaza mfalme wake robo saa kabla, nani angalimlaumu?

Sasa tumalizie kwa zoezi la kufanya nyumbani, nalo ni la manufaa kuliko habari zote za mabingwa. Lina jina la François-André Philidor, mwanamuziki wa Ufaransa aliyeishi toka 1726 hata 1795, aliyetunga michezo ya kuimbwa na kuandika kitabu mashuhuri cha sataranji mwaka 1749. Wekeni kete tano tu. Upande mweupe: mfalme d5, askari e5, ngome h7. Upande mweusi: mfalme e8, ngome a6. Mweupe aanze. Yeye ana askari zaidi, naye ataka kumfikisha mwisho wa ubao awe malkia. Mweusi ataka sare, na sare iko, akishika mambo mawili.

Kwanza, ngome nyeusi ibaki mstari wa 6. Hapo ni kama mti uliolazwa njiani. Mfalme mweupe hawezi kuupita. Mweupe akizungusha ngome yake huku na huku, nawe sogeza yako kutoka a6 mpaka b6 na kurudi, wala usichoke. Pili, askari mweupe akisogea mpaka e6, usingoje tena. Peleka ngome yako chini kabisa, mstari wa 1, na mfalme mweupe akija d6 mtishe kwa nyuma, d1. Zamani angalijificha mbele ya askari wake, mraba wa e6. Sasa mraba huo umekaliwa na askari mwenyewe. Kila aendapo, ngome yamfuata, na akienda mbali sana na askari, askari ataliwa.

Chezeni mara kumi, kisha geuzeni ubao, aliyekuwa mlinzi awe mshambulizi. Vishawishi viwili vitampata mlinzi. Kimoja ni kuirudisha ngome mstari wa 8 ikae karibu na mfalme, na mara nyingi huko hukosa nafasi ikashindwa. Cha pili ni kuanza kutisha kwa nyuma mapema, wakati askari angali e5. Mkiona ngome imeondoka mstari wa 6 kabla ya wakati, na mfalme mweupe ameingia d6 au e6, simameni hapo, rudisheni kete tano mahali pake, mwanze tena.